Kujitolea Si Kibali cha Kutoulizwa

Kuanzia vikundi vya akiba vya Rubongi hadi mialo ya visiwani, fedha za wengi zimo mikononi mwa watu wasiolipwa. Nani awahesabie wao?

RUBONGI, Tororo. Katika vijiji vya Rubongi, nje kidogo ya mji wa Tororo, akiba ya kikundi hulala ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu. Anayelitunza nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Funguo wamepewa wanachama wengine watatu, na hao watatu hawamo kwenye kamati. Siku ya mkutano sanduku hufunguliwa mbele ya wote, wahesabu wawili huhesabu noti na sarafu kwa sauti, kisha kila mwanachama hutakiwa kulishika salio kichwani ili mkutano ujao aweze kumsahihisha mwenyekiti. Aliyechelewa hulipa faini. Mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku, wahesabu na washika funguo, wote hao hawana mshahara.

Mtindo huu haukuzaliwa Uganda. Ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima hadi ukawa kama wa wenyeji. Kikundi huwa na watu 15 hadi 25 hivi. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano, zikagongwa muhuri kwenye kijitabu chake. Mwenye shida hukopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya akiba yake, na mwaka ukiisha wanagawana kilichopatikana kwa kadiri ya hisa. Pembeni huwekwa mfuko mdogo wa msiba na ugonjwa.

Waliobuni utaratibu huo walimwelewa binadamu wa kijijini. Mtu anayeishi na jirani yake, aliyemzika mzazi wake na kula harusi yake, hawezi kusimama mkutanoni akamwambia, “Sikuamini.” Ni aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyoangusha vyama vingi. Kufuli tatu zinamwondolea mzigo huo. Utaratibu unashuku kwa niaba ya wote, na jirani anabaki kuwa jirani.

Lakini sanduku linawatosha watu 25. Je, ikiwa wenye mali ni kisiwa kizima, na mali yenyewe ni samaki walioko majini, ushuru wa mwaloni, ardhi ya mawese au umeme? Hapo kinahitajika kitu kikubwa zaidi: kamati au bodi ya wadhamini, watu wachache wanaoshika mali ya wengi bila kuimiliki. Eneo hili la mpaka, kutoka Tororo kushuka Busia hadi ziwani, limekwisha kuona wadhamini wa namna hiyo wakisimama na wakianguka.

Mukene wanatoka wapi

Mtu wa Rubongi ana sababu ya kujali mambo ya visiwani, kwa kuwa anayala. Mukene, yaani dagaa, wanaopimwa kwa vikombe katika masoko ya Tororo na Busia hutoka Ziwa Victoria, wengine kupitia mialo ya bara kama Majanji, wengine kutoka visiwa vya Sigulu na Lolwe katika wilaya ya Namayingo. Gunia likivuka mpaka pale Busia, samaki ni walewale ila jina ni omena. Ziwa likisimamiwa vibaya, bei hupanda kwa mama anayepika huku, mbali na maji.

Visiwa hivi vina historia inayoeleza kwa nini usimamizi wake ni mgumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Gavana Hesketh Bell akaamuru fukwe na visiwa vihamwe, na kufikia mwaka 1909 visiwa vingi vilikuwa mapori matupu. Watu walirudi baada ya miaka mingi, na hawakurudi wale wale. Sangara walipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, kisha viwanda vya minofu vikaja na soko la Ulaya kuanzia miaka ya 1980, kila mwenye nguvu za kuvuta nyavu alielekea majini. Leo mwaloni utamkuta Msamia, Mjaluo, Msoga, Mganda na Japadhola, na wengi wao kesho watahamia mwalo mwingine kuwafuata samaki.

Huku Rubongi ukoo una wazee, na mzee akiita kikao watu huja. Mwaloni hakuna mzee mmoja anayesikilizwa na wote. Mamlaka lazima yatengenezwe kwa kura.

Kiti cha baria

Jaribio kubwa la kuyatengeneza lilikuwa kamati za usimamizi wa mialo, ambazo pande zote mbili za mpaka huitwa BMU. Uganda ilizipa nguvu ya sheria kwa kanuni za mwaka 2003, Kenya kwa kanuni za mwaka 2007. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, lilisimamia mwongozo wa pamoja, na kabla ya muongo huo kwisha ziwa zima lilikuwa na kamati zaidi ya 1,000.

Kanuni za Uganda ziligawa viti kwa makusudi. Asilimia 30 ya kamati walitakiwa kuwa wenye mitumbwi. Asilimia 30 nyingine walikuwa mabaria, yaani vijana wanaovua kwa kuajiriwa na ambao popote pengine hawaitwi mkutanoni. Wachuuzi wa samaki walipewa asilimia 10, na asilimia 30 iliyobaki ikawa ya mafundi mitumbwi, wasuka nyavu, wakaushaji na wengineo. Wanawake nao waliwekewa nafasi. Kwa mara ya kwanza tajiri wa injini tatu na kijana asiye na hata kasia walikaa meza moja, kura zao zikiwa sawa.

Kazi yao haikuwa ndogo. Waliorodhesha mitumbwi na watu wake, walipendekeza nani apewe leseni, walikamata nyavu haramu na sangara wachanga waliopungua sentimita 50, walikusanya ada za mwaloni, walijenga vyoo na vibanda vya kupimia samaki. Wakati wa dhoruba wao ndio waliotafutwa kwanza. Yote hayo kwa kujitolea.

Uozo ulianzia kwenye kazi zilizokuwa na hela ndani yake. Anayependekeza leseni anaweza kuliuza pendekezo lake. Anayekamata nyavu haramu anaweza kupokea kitu kidogo na kugeuza uso, au kuzikamata asubuhi na kuzirudisha jioni. Malalamiko yakaenea: kamati fulani zimegeuka vituo vya ushuru, viongozi hawaondoki madarakani, ada zinakusanywa na mahesabu hayasomwi. Si kila kamati ilikuwa hivyo, ila zilizokuwa hivyo zilitosha kuwachosha wavuvi.

Mwaka 2015, uchaguzi mkuu ukikaribia, Rais Yoweri Museveni alizisimamisha kamati hizo nchini Uganda. Mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani kupitia kikosi maalumu cha kulinda uvuvi. Nyavu haramu zilipungua na wenye viwanda walishangilia kurudi kwa sangara wakubwa. Wavuvi nao wamelalamika mara nyingi, hadi bungeni, juu ya vipigo, mitumbwi kuchomwa na watu kupoteza riziki bila pa kukata rufaa.

Hapo ndipo penye funzo. Kamati ilipokosea, palikuwa na mkutano wa wanachama ambao ungeweza kuiondoa. Mingi haikuitishwa, au iliitishwa na watu wakanyamaza. Basi aliyeiondoa akawa mtu wa mbali, na aliyekuja badala yake hakuchaguliwa na mwalo wala hawezi kuondolewa nao. Jamii inayoshindwa kuwahoji wadhamini wake hupewa mabwana isioweza kuwahoji kabisa.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa maji ni yaleyale. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 iliziacha BMU zisimame, na katika kaunti ya Busia mialo kama Marenga, Mulukoba, Bumbe na Sio Port imeendelea kuwa na kamati zake. Manung’uniko juu ya ada na viongozi wanaong’ang’ania viti yapo huko pia. Tofauti ni kwamba mwanachama asiyeridhika bado ana mlango wa kubisha.

Bugala na wadhamini wa mawese

Kuna kisiwa kingine cha Uganda ambacho wadhamini wake walikabidhiwa mali nzito zaidi. Ni Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala. Kwa mradi wa serikali uliofadhiliwa na mfuko wa kimataifa wa kilimo, IFAD, kampuni ilipewa hekta 6,500 za kupanda mawese, na wakulima wadogo wakapangiwa hekta 3,500. Ili wakulima hao wasisimame mbele ya kampuni mmoja mmoja, iliundwa dhamana ya wakulima wa mawese ya Kalangala, inayojulikana kwa kifupi KOPGT.

Dhamana hiyo ilipitisha mikopo ya miche na mbolea, ikasimamia upokeaji wa mavuno na kukata marejesho kwenye mauzo. Ilipewa pia asilimia 10 ya hisa za kampuni, izishike kwa niaba ya wakulima. Hili si jambo dogo. Mtu mwenye shamba la ekari chache ana sehemu, japo ndogo, katika kiwanda kinachomnunua.

Lakini hisa zinazoshikwa kwa niaba yako zina maana tu ikiwa unajua zimezaa nini mwaka huu na nani aliamua zitumikeje. Kisiwa hicho hicho kimekuwa na migogoro mikali ya ardhi na misitu iliyokatwa kupisha mawese, na baadhi ya waliodai kupoteza mashamba wamefika mahakamani. Kazi ya mdhamini wa jamii kama hiyo ni kutazama, hata kama halipwi senti: atazame kampuni inafanya nini, na aseme.

Mfano wa Eigg

Msomaji atauliza: wapi jambo hili limefaulu? Jibu moja liko mbali, pwani ya magharibi ya Scotland, katika kisiwa cha Eigg. Kwa vizazi vingi kisiwa kizima kilikuwa mali ya mtu mmoja, na kila alipochoka nacho alikiuza pamoja na hatima ya waliomo. Tarehe 12 Juni 1997 wakazi wake, watu wasiofika 100, walikinunua kwa pauni milioni 1.5 zilizochangwa, nyingi zikitoka kwa watu wasiowahi kukanyaga pale. Kisiwa kikawekwa chini ya dhamana ambayo bodi yake ina wawakilishi wa wakazi wenyewe, halmashauri ya eneo na shirika la kuhifadhi wanyamapori.

Mwaka 2008 dhamana hiyo iliwasha umeme wa kisiwa wenyewe, wa maji, upepo na jua. Umeme hautoshi kila mtu kutumia apendavyo, hivyo waliweka kikomo: kila nyumba kilowati 5, mwenye biashara 10. Mjumbe wa bodi ana kikomo kilekile alicho nacho jirani yake. Kanuni inayomkata aliyeitunga ni rahisi kuitii.

Bodi ya Eigg ina kitu kingine ambacho BMU hazikuwa nacho: watu wawili watatu wa nje ya kisiwa. Wenyeji ndio wenye sauti, ila yupo mtu wa kuuliza swali ambalo jirani angelionea haya.

Waliohudumiwa wakae mezani

Tororo yenyewe ina mfano wake. TASO, shirika la kusaidia wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lilianzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na kikundi kidogo, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa. Kituo chake cha Tororo kimehudumia watu wa pande zote za wilaya hii na jirani zake. Tangu mwanzo shirika lilishika kanuni moja: wanaohudumiwa wana nafasi kwenye uongozi. Mdhamini anayemeza dawa zilezile zinazojadiliwa hahitaji kuandikiwa ripoti ndefu ili ajue kwamba zimechelewa.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kiti cha baria, na ndiyo inayokosekana kwenye mifuko mingi ya jamii inayoanzishwa na watu wa mjini kwa ajili ya watu wa kijijini. Bodi hujaa wakili, mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu na mfanyabiashara. Ni watu wa heshima, na wanahitajika. Lakini yuko wapi mkaushaji wa mukene?

Mara nyingi hayupo kwa sababu kujitolea kuna gharama. Mtu wa Sigulu anayeitwa kikao bara atalipa nauli ya boti, kisha bodaboda, na atapoteza usiku mmoja wa kazi. Mwenye mitumbwi mitano anaumudu usiku huo, baria haumudu. Ukisema “kila mtu ajitolee” bila kurudisha nauli, umewachagua matajiri bila kupiga kura. Dawa ni nyepesi: nauli na chakula virudishwe kwa kiwango kilichopitishwa na mkutano mkuu, kiwango hicho kibandikwe hadharani, na mjumbe asiruhusiwe kujipangia posho.

Hata siku ya mkutano ni siasa. Mukene huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku za giza, wavuvi watakuwa wamelala na wachuuzi wako kwenye mizani. Ukiitishwa wakati wa mbalamwezi, mwalo wote upo. Anayejua hilo na bado akaitisha mkutano siku za giza ana sababu zake.

Fedha zinakuja, nani azipokee

Mjadala huu una uzito mpya, kwani fedha zinashuka vijijini kwa wingi kuliko zamani. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, umetenga shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, zikopeshwe wanachama hadi milioni moja kila mmoja kupitia chama cha akiba na mikopo cha parokia. Kamati za vyama hivyo zimechaguliwa na wanakijiji. Wengi wa wajumbe walijifunzia kazi kwenye vikundi vya akiba, lakini milioni 100 haziwezi kuhesabiwa mkekani kwa sauti.

Ipo pia njia ya mfuko wa kudumu, ambapo jamii huchanga mtaji, mtaji hauguswi, na kinachotumika ni faida yake tu. Mji wa Cleveland, Marekani, ulianza mfuko wa namna hiyo mwaka 1914. Kenya kuna shirika la maendeleo ya jamii la KCDF, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo limezisaidia jamii kujenga akiba za aina hiyo. Na Waswahili wa pwani wana uzoefu wa karne nyingi wa kuweka wakfu msikiti, kisima, nyumba na minazi, mali isiyouzwa wala kurithiwa, ikisimamiwa na mtu anayeogopa hesabu mbili, ya duniani na ya akhera. Huko Zanzibar serikali iliunda kamisheni ya kusimamia wakfu mwaka 1905, kwa vile hata penye hofu ya Mungu daftari linahitajika. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisheria, mlango uko wazi. Uganda ina sheria ya kusajili wadhamini tangu mwaka 1939, inayowezesha bodi kumiliki ardhi na fedha kwa jina la chombo, ili mjumbe akifa watoto wake wasidai shamba la jamii. Kanuni kuu ya udhamini inajulikana kila mahali: mdhamini hafaidiki na mali anayoishika. Ila cheti cha usajili hakiwezi kuitisha mkutano wala kusoma mahesabu. Hiyo ni kazi ya wanachama.

Kwa hiyo, msomaji wa Rubongi, wa Busia au wa kisiwani, kabla hujainua mkono kumchagua mtu kwenye kamati yoyote ya mali ya wengi, iwe ya parokia, ya kisima, ya shule au ya mwalo, dai mambo manne. Muhula uwe na mwisho unaojulikana, na anayemaliza akabidhi vitabu mbele ya watu. Mapato na matumizi yabandikwe mahali watu wanapopita, kwa lugha wanayoisoma. Angalau kiti kimoja kiwe cha mtu maskini kuliko wote wanaohudumiwa, na nauli yake irudishwe. Na awepo mkaguzi asiye na undugu na yeyote mezani.

Mwenye kukubali hayo mshukuru, kwani anatoa muda wake bure na wachache hufanya hivyo. Anayekasirika kwa kuulizwa, akisema yeye anajitolea tu, mwambie kwa heshima arudi akapumzike nyumbani. Mali ya jamii haina nafasi ya mtu asiyetaka kuhesabiwa.